Kodi ya Kiti cha Mbele

Nimefanya kazi ya vitabu vya hesabu maisha yangu yote, na mtu akiniuliza ni kodi gani iliyonitoa jasho kuliko zote, sitaji ya forodha wala ya gavana yeyote. Nataja kuku. Kwa watu wa mama mukwe wangu, mume wa binti na mama mzaa binti hawaketi benchi moja, hawali sahani moja, hawapeani mkono, wala hawatazamani machoni. Hata maneno hayaendi moja kwa moja, yanapitia kwa mke, na mama hasemi na mgeni mbele ya mkwe wake. Anayevunja mwiko, hata kwa bahati mbaya, anatoa kuku mmoja hai, na shauri linakwisha.

Katika miaka tisa ya ndoa nilikuwa nimetoa kuku wanne. Mmoja ni kwa sababu tuligongana mlangoni nikitoka na ndoo. Mwingine, niligeuka nyuma kanisani wakati usiofaa. Wa tatu ni wa harusi ya shemeji, sitaki kueleza. Wa nne sikubali mpaka leo, maana ni yeye aliyenikanyaga mimi, na bado kuku alitoka kwangu. Yeye hakuwahi kulipa hata unyoya.

Tulikuwa tunaishi Rwambuzi, mtaa wa mji wa Bunia, kule Ituri, wakati wa vita. Nyumbani tulikuwa mimi, mke wangu, watoto wanne, na mama mukwe huyo, ambaye alitujia kutoka upande wa Gety na kikapu na sufuria moja baada ya nyumba yake kuungua. Mke wangu mguu wake wa kushoto haukunjiki gotini tangu utoto. Anapika, anafua, anacheza hata ngoma ya harusi, lakini kutembea mbali hawezi.

Mara ya kwanza mji ulipolipuka tulikimbia kwa miguu. Tulifika kwenye mashamba ya mihogo nje ya mji, na hapo mke wangu akaketi chini. Akaniambia, "Baba watoto, chukua batoto muende. Miye mutanikuta." Nilimkasirikia kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Nilimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa, kisha nikaketi karibu naye na sikuondoka. Tulilala kwenye mihogo ile siku mbili. Mama mukwe alikuwa hatua kumi pembeni, kitindamimba wetu mapajani, mgongo ametugeuzia, maana mwiko kwake ulikuwa mwiko hata risasi zikipita juu ya vichwa.

Tuliporudi nilikuwa na wazo moja tu kichwani: gari. Mji ungewaka tena, hilo kila mtu alilijua, na siku hiyo lazima gari liwe ndani ya uwanja wangu. Nisipolipata, mke wangu angeketi tena chini, na mara hii pengine mihogo isingetusitiri. Lakini mshahara wangu haukutosha hata kununua usukani.

Basi Mungu akamgusa patron wangu, tajiri niliyemwandikia vitabu. Alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mtu wa kuuza chumvi, sabuni na sukari, na kununua samaki wakavu kule Tchomia. Lori lake askari walikuwa wameliazima kwa siku mbili, na sasa ulikuwa unaisha mwezi wa tano hawajalirudisha. Akaniita bironi, ofisini kwake.

"Tunapashwa kununua gari," akasema. "Lakini kwanza niambie, kodi inasema nini?"

Kodi ilisema mengi. Wakati ule mji ulikuwa unabadilisha wakubwa kama mtu anavyobadilisha shati siku ya joto, na kila mkubwa aliyeingia alileta muhuri wake na orodha yake ya kodi. Orodha ya wakati huo ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa biro yao, nami nilikwenda kuinakili yote kwa mkono. Gari la kazi lilipe kila mwezi, lilipe tena kwa kila gunia kwenye kila bariere, yaani kizuizi cha barabarani, na liazimwe na jeshi wakati wowote. Gari la familia lilipe mara moja kwa mwaka, na lisiazimwe, isipokuwa kwa harusi ya mkubwa. Gari la kazi na familia kwa pamoja lihesabiwe la kazi.

Kwenye uwanja wa muuzaji mmoja aliyetoa magari Uganda tulikuta matatu. La kwanza lilikuwa pikapu ya kabini moja, milango miwili. Patron alilipenda papo hapo, akapiga bodi yake makofi mgongoni kama ng'ombe wa mnada. Nikamwambia hiyo ni gari ya kazi waziwazi, hata kipofu angeitoza kodi, na askari wanaipenda kwa sababu nyuma wanapata mahali pa kusimamisha bunduki yao kubwa. Sababu yangu nyingine sikuisema. Kabini ile ilikuwa na kiti kimoja kirefu. Nilijiona nimeketi hapo na mama mukwe, paja kwa paja, siku ya kukimbia. Kuku wote wa Ituri wasingetosha.

La pili lilikuwa pikapu ya kabini mbili. Hiyo nayo ni ya kazi, nikasema, na askari wanaipenda zaidi, maana hata komanda wao anapata pa kuketi. Patron akaanza kuninung'unikia kwamba kazi yangu ni kukataa tu.

La tatu lilikuwa gari refu la familia, la milango mitano, rangi ya sombe ya majani ya mihogo iliyochemka sana, usukani uko kuume kama magari yote ya Uganda. Lilikuwa baya. Hakuna askari angeweza kufunga bunduki juu yake na kubaki na heshima. Nikamwambia patron, "Hii."

"Hii ni ya familia," akasema.

"Ndiyo maana yake."

Akahesabu kichwani, nikaona anafika pale nilipokuwa nimeshafika. "Familia yangu iko Butembo," akasema. "Hapa siko na familia."

"Miye niko nayo."

"Weye uko na batoto wangapi?"

"Bane."

"Na mama mukwe?"

"Iko. Anakula muzuri."

"Basi familia ni weye," akasema, na gari likaandikwa kwa jina langu. Nikamkumbusha, kwa sauti ya kikodi kabisa, kwamba gari la familia likilala depo, penye bidhaa zake, watu wa kodi watashuku, kwa hiyo ni lazima lilale kwa familia. "Weye uko mujanja," akasema. Usiku ule gari lililala Rwambuzi, chini ya dirisha letu, na mke wangu akaamka mara mbili kulishika bodi, kuhakikisha kwamba lipo.

Sasa, watu wa bariere hawaridhiki na karatasi, wanatazama ndani. Wakiona mama mzima na watoto, hiyo ni familia. Wakiona wanaume na magunia, hiyo ni kazi. Kwa hiyo safari za samaki za Tchomia zilihitaji familia ya kuonyesha. Mke wangu, kwa mguu ule, hawezi kukaa saa nyingi kwenye kiti kilichojaa. Nani alibaki? Nilimtuma mke wangu akamwombe mama yake, na jibu likarudi kupitia pazia, ingawa mimi na yeye tulikuwa pande mbili za pazia lile lile na tulisikiana vizuri.

"Mama anasema njia ya mwongo ni fupi."

"Mwambie ya Tchomia ni ndefu, na akifika atapata samaki mubichi."

"Mama anauliza, mubichi wa namna gani."

Akaja. Aliketi nyuma, upande wa kushoto, na watoto wawili wakubwa. Kioo cha ndani nilikigeuza kikatazama dari, maana kioo kile kingeweza kunitoza kuku. Tukirudi, samaki wakavu wa patron walikuwa chini ya godoro lililotandikwa nyuma kabisa, na juu ya godoro watoto wangu, wakinuka vizuri kama soko la Tchomia lenyewe.

Safari ya kwanza ilikuwa balaa. Nilishuka kuonyesha karatasi, na wakati niko mbali, mtoza kodi akamwinamia mama mukwe dirishani akamuuliza, kwa adabu tu, kama samaki aliyemnusa ni wa kula nyumbani. Yule mama, mjane wa mzee wa kanisa, ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa daktari, akajibu, "Miye nakula moja. Zingine ni za patron." Nilirudi nikakuta godoro liko barabarani. Tulilipa kama gari la kazi, na mafungu matatu ya samaki juu yake. Njia nzima sikuweza kumgombeza, kwa kuwa siruhusiwi kusema naye, na mke wangu hayupo kunisaidia kugomba. Nilipumua kwa pua mpaka Bunia.

Lakini nilijifunza kitu. Alisema kwa sababu mimi sikuwapo. Mimi nikiwa karibu, mwiko unamfunga mdomo. Basi tangu siku ile, mtoza kodi akielekea dirisha la nyuma, mimi huyo, nasogea. Akiinama, nami nainama. Mama mukwe ananiona, anavuta kitenge, anajifunika uso wote, kimya kabisa. Mtoza kodi anabaki anazungumza na kitenge. Nilikuwa nawaambia, "Mumuhurumie, anaomboleza." Mmoja alimpa pole na kutupitisha bure. Ndani ya kitenge nilisikia mama mukwe akiguna kwa hasira, na mimi nilipiga mluzi kilomita nzima. Nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi. Desturi iliyonilia kuku wanne, sasa ilikuwa inanilipa.

Tulienda hivyo miezi kadhaa. Kisha mji ukabadilisha shati tena.

Wakubwa wapya walikuta maduka hayana chumvi. Wakaamua kubembeleza biashara. Orodha mpya ikabandikwa mlangoni, kinyume kabisa na ile ya zamani: gari la kazi lisisumbuliwe, lilipe kidogo, gari la familia ni anasa, lilipe sana, na ndilo litakaloazimwa. Na kwa kuwa walijua watu wa Bunia, walikuwa wameongeza mstari wa mwisho: atakayekutwa amebeba familia ndani ya gari la kazi, gari linachukuliwa palepale.

Patron alikuwa anaondoka kwenda Butembo. Akaniachia ufunguo, akasema tu, "Ugeuze." Nikageuza. Siku ya Ijumaa nilipanga foleni, nikatoa jina langu, nikaandikisha gari kwa jina la nyumba ya biashara ya patron, gari la kazi, halibebi familia, sahihi, muhuri. Nilikuwa nimeokoa kodi ya mwaka mzima, na nilirudi nyumbani nimevimba. Mke wangu alisoma karatasi ile mara mbili, akauliza, "Na siye?" Nikamwambia gari bado linalala hapa, na jambo likiharibika nitakwenda Jumatatu kuligeuza tena. Hilo ndilo kosa la mtu wa vitabu. Nilifikiri vita vitangoja biro ifunguliwe.

Jumapili asubuhi mji ulilipuka, mlipuko mkubwa kuliko mara zote. Hatukujadiliana. Nilirudisha gari kinyumenyume mpaka mlangoni. Mke wangu akapewa kiti chote cha nyuma, amenyoosha mguu wake. Watoto wanne wakaingia nyuma kabisa penye godoro, na sufuria, na gunia la unga. Kikabaki kiti kimoja tu, cha mbele, ubavuni kwangu.

Mama mukwe alisimama uwanjani na kikapu chake, akakitazama kiti kile. "Nitatembea," akamwambia mke wangu. Mke wangu, ambaye hajawahi kumpandishia mama yake sauti, alisema polepole, "Mama, ukitembea na miye nashuka." Mwanamke yule akavuta kitenge chake kizuri cha kanisa kutoka kichwani mpaka kidevuni, akapanda, akajibana mlangoni kiasi kwamba nilihofia mlango utafunguka. Nilitazama mbele tu. Shingo iliniuma siku tatu.

Tulishika njia ya mji wa Komanda pamoja na watu wote, wenye baiskeli, wenye mbuzi, wenye magodoro kichwani. Na kule nje ya mji, risasi zinasikika nyuma yetu, bariere ilikuwa bado inafanya kazi. Kamba imefungwa, askari wawili, na mtoza kodi na meza yake na kalamu. Mwanadamu wa kodi hakimbii mpaka amalize ukurasa.

Alikuja dirisha la kushoto, kama anavyokwenda kwa dereva yeyote wa kwetu, akanyoosha mkono. Upande ule hakukuta usukani, alikuta kitenge. Mimi, kwa mazoea ya miaka mingi, nilimpitishia karatasi kabla ya kufikiri. Akaisoma. Akatazama nyuma, mguu ulionyooshwa, vichwa vinne juu ya godoro, sufuria.

"Hii ni gari ya kazi," akasema.

"Ndiyo."

"Na hawa ni batu yako?"

Nilifungua mdomo. Uongo wote niliokuwa nautoa bila jasho kwenye njia ya Tchomia, hata mmoja haukuja. Nilikuwa naona kitu kimoja tu, mke wangu ameketi tena chini, kando ya barabara, akiniambia nichukue watoto. Askari mmoja alikuwa ameshaweka mkono kwenye mlango wa nyuma.

Ndipo kitenge kikashuka.

"Unamuuliza nini huyu?" mama mukwe akasema. "Huyu iko dereva tu. Uliza miye. Miye ndiye mwenye biashara."

Mtoza kodi akaangalia kikapu mapajani mwake. "Weye mama ndiye patron?"

"Nani alikuambia patron inakuwaka mwanaume tu?"

"Na huyu mwanamuke wa nyuma?"

"Anaandikaka vitabu vyangu. Mutu mwenye mguu vile utamupa kazi gani ingine? Abebe chumvi?"

"Na batoto?"

"Hawa wawili banafungaka samaki. Weye nusa, utajua. Ule musichana anapangaka sabuni."

Alinusa. Ilikuwa kweli kabisa, walinuka samaki mpaka nywele. Akamwonyesha kitindamimba wetu, miaka mitatu, kidole mdomoni, kamasi imefika kidevuni. "Na huyu?"

"Huyo ni zamu," mama mukwe akasema. "Analindaka depo."

Askari wa nyuma alicheka kwanza. Kisha mtoza kodi mwenyewe akacheka mpaka akalazimika kuweka kalamu chini. Alipomaliza alijifuta macho, akaelekeza kidevu upande wangu. "Na dereva yako, iko mwaminifu?"

Mama mukwe akageuka. Nami, sijui nini kilinishika, nikageuka pia. Alinitazama machoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Macho yake ni macho ya mke wangu. Miaka tisa na sikulijua hilo.

"Anadanganyaka sana," akamwambia yule mtu. "Lakini haachaka mutu mu njia."

Kamba ikafunguliwa. Nikaingiza gia. Nililia njia nzima mpaka Komanda bila kutoa sauti, na yeye alikuwa amejifunika tena uso, amegeukia dirisha. Nyuma, kitindamimba alikuwa anawaeleza wenzake kwamba yeye ni zamu.

Siku kadhaa baadaye tulifika Beni na tukapata chumba. Patron alikuja kulichukua gari lake, akalizunguka, akaniuliza kwenye bariere lilipita kama gari la nini. Nikamwambia la kazi. "Nilijua," akasema, na akanipongeza kwa ile sahihi ya Ijumaa.

Nilikuwa na deni lingine kichwani. Tulikuwa tumeketi pamoja, yeye amesema na mgeni mbele yangu, tumetazamana. Kwa hesabu yangu hao walikuwa kuku watatu na wote ni wangu, kama ilivyokuwa siku zote. Nilikuwa navaa viatu niende sokoni kuulizia bei, mara nikasikia kitu kinapiga mabawa mlangoni.

Alikuwa amesimama kizingitini, mgongo amenigeuzia. Kuku wa rangi ya majivu, miguu imefungwa kwa kipande cha kamba, alikuwa chini mbele yangu. Mama mukwe alisema na mke wangu, ambaye alikuwa anamenya viazi ndani, na mke wangu akasema nami.

"Mama anasema, ni yeye aliyeangalia."

"Mwambie hata mimi niliangalia."

"Mama anasema, weye ulikuwa dereva tu."

Nikainama nikampokea kuku. Jumapili iliyofuata nilimwona mama mukwe anakwenda kusali na kitenge chake cha jikoni, kile cha madoa ya mawese. Kile kizuri cha kanisa sikukiona tena tangu siku ya kuku, na sikuuliza. Nilitembea nyuma yake hatua kumi, kama desturi inavyotaka, mpaka mlango wa kanisa.